Mara Tatu Aligonga Geti Letu

Jumatatu, 5 Mei

Simu tatu kabla ya saa nne. Mbili skrini, moja iliingia maji. Ile ya maji mwenyewe alishaizika, mimi nimeifufua. Wateja wananiita Dokta. Sijakataa. Shule niliachia darasa la tisa, lakini kati ya wale waliomaliza nani anaweza kufungua simu kwa wembe na kuifunga bila skrubu hata moja kubaki mezani?

Saa tano wakaja. Buluu. Mimi ndiye jicho la jengo, meza yangu iko mlangoni, naona barabara yote mpaka kwenye robot, zile taa za kuongoza magari. Nikiona sare napiga bomba la maji mara tatu na bisibisi. Sauti inapanda ghorofa zote nne. Kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, saluni zimefungwa, mashine za kunyolea ziko chini ya vitanda, na geti liko na mnyororo. Polisi wa jiji wanakuja kuchukua mali ya wasio na kibali cha biashara. Na kibali hapa Durban, kwetu sisi wakimbizi, iko kwa nani? Hakuna. Sheria ni yao, mbio ni zetu.

Leo walikuwa wawili tu, mwanamke mmoja na kijana mrefu anabeba faili. Bila bunduki. Bila lori. Nikasema hawa ni wapya, wametumwa kujifunza. Nikafunga geti, nikapanda dirisha la ghorofa ya kwanza kuwachungulia. Mwanamke akagonga. Akagonga tena. Ana mkono wa subira yule. Aliponiona akasema kwa Kizulu kwamba yeye ni wa zimamoto, anataka kukagua jengo, na hii ni mara yake ya tatu. Nikamjibu, kwa Kizulu kitamu kuliko chake: kama wewe ni zimamoto basi mimi ni Papa wa Roma. Ufunguo uko na mwenye jengo, mwenye jengo yuko Isipingo, na Isipingo ni mbali, dada.

Mwaka jana polisi walikuja wakisema ni watu wa kusoma mita ya umeme. Tuliwafungulia. Mara moja inatosha.

Akaandika kitu kwenye faili, akaenda zake.

Wakati wa kula nikawasimulia Tantine na Mama Neema. Tantine ni mdogo wake na mama yangu, ndiye alinilea, saluni ya ghorofa ya kwanza ni yake. Mama Neema anasuka nywele ghorofa ya pili. Niliigiza yote, hata kule kugonga. Mama Neema alicheka mpaka akashika ubavu. "Papa wa Roma! We Trezo, utatuua na kicheko." Tantine akacheka, akaniongezea sombe, kisamvu chetu.

Jenerali wa geti anakula mara mbili.

Jumatano, 7 Mei

Papa Shukuru, mwenyekiti wetu wa wapangaji, ana wasiwasi polisi watapitia nyuma. Mlango wa ngazi ya nyuma unatokea kwenye uchochoro. Tulishaweka mnyororo, sasa nimeweka na kufuli mpya, nzito kama kichwa cha mbuzi. Ufunguo mmoja tu. Papa akasema tuchonge wa pili, akae nao mtu mwingine. Nikamwambia funguo mbili ni midomo miwili. Wote wakakubali.

Ufunguo uko shingoni mwangu na kamba ya kiatu. Mama Neema ananiita Mtakatifu Petro. Namwambia asogee, nitaangalia kama jina lake liko kwenye daftari.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi nilienda Isipingo kununua betri. Nilikaa kupita kazi iliyonipeleka. Iko msichana anauza vitunguu karibu na stendi ya taxi, nikasimama kujidai. Saa saba simu ikalia. Tantine. Hakusema kitu, alilia tu, na nyuma yake watu wanapiga kelele.

Moto. Ghorofa ya pili, jiko la umeme la kuchemshia maji ya kuoshea nywele. Moshi ukajaa ngazi ya mbele. Watu wakakimbilia ngazi ya nyuma. Mlango wa nyuma una mnyororo. Mnyororo una kufuli. Ufunguo uko Isipingo, unamsikiliza msichana wa vitunguu.

Watu wanasema gari la zimamoto lilichelewa. Halikuchelewa. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara aliona. Walifika, wakakata mnyororo na mkasi mkubwa, wakatoa watu. Lakini Mama Neema hakungoja. Aliruka dirishani. Amevunjika nyonga na mguu.

Hakuna aliyekufa. Naandika tena. Hakuna aliyekufa.

Nilishuka kwenye taxi nikakimbia kutoka kwenye robot. Barabara imefungwa kwa utepe. Nilikuwa na ufunguo mkononi. Sijui nilitaka kufungua nini.

Jumamosi, 10 Mei

Ghorofa ya pili ni nyeusi. Zilizobaki tunaishi. Kila kitu kinanuka, hata mkate.

Hakuna anayenilaumu. Papa Shukuru anasema mnyororo tulikubali sote. Ni kweli. Lakini ufunguo haukuwa shingoni mwa sote.

Nimeuvua. Bado nausikia.

Jumanne, 13 Mei

Mkutano chumbani kwa Papa Shukuru. Watu mpaka kwenye korido. Habari ni hii: jiji lina kamati ya madiwani, kazi yake ni kuangalia polisi na zimamoto wanafanya nini. Wakubwa wa polisi na wa zimamoto wanakaa mbele ya madiwani kama wanafunzi mbele ya mwalimu, wanaulizwa. Nilikuwa sijui. Nilidhani polisi juu yao iko Mungu tu. Mama mmoja wa ofisi ya wakimbizi alituandikia barua, kamati imekubali kutusikiliza.

Swali ni moja: zimamoto walikuwa wanakuja kukagua jengo au hawakuja? Kama hawakuja, kosa ni la jiji. Jiji litamlazimisha mwenye jengo kutengeneza huku sisi tumo ndani, na mguu wa Mama Neema utapata wa kuulipia. Kama walikuja tukawafungia, kosa ni letu. Jengo litafungwa. Nje sote, na mabeseni yetu.

Papa Shukuru akasimama. "Miaka yote hii, zimamoto walikuya hapa?"

"Hapana!"

"Nani walikuya?"

"Polisi!"

Na mimi nilipiga kelele. Yangu ilikuwa juu kuliko zote. Sikufikiri hata kidogo, naapa.

Halafu mkalimani. Papa Shukuru anajua Kiswahili, Kifaransa na Biblia. Kizulu anajua cha kununulia nyanya. Wote wakanigeukia mimi. Eish. Mimi mbele ya madiwani! Nikawaambia watanikoma.

Alhamisi, 15 Mei

Barua ya kamati imefika. Nimeketi na Papa Shukuru nimsomee. Karatasi mbili.

Mkaguzi wa zimamoto, jina lake Nomusa, anasema alifika mara tatu na mara zote alifungiwa geti. Mara ya mwisho Jumatatu tarehe tano, saa tano asubuhi. Kijana mmoja alimjibu kwa mzaha kutoka dirisha la ghorofa ya kwanza.

Kijana mmoja.

Imeandikwa pia kwamba wapangaji wote wanakana. Kijana wake wa faili ni mwanafunzi, neno lake halihesabiwi. Kwa hiyo anatuhumiwa alijaza fomu akiwa ofisini, hakutoka. Amesimamishwa kazi mpaka kamati ikae. Ikionekana alidanganya, anafukuzwa.

"Wanasema nini?" Papa ananiuliza.

Nikasema wanatuita tarehe ishirini na tatu, saa tatu.

"Basi? Karatasi mbili zote hizo?"

Nikasema wazungu wa ofisini wanapenda kuandika. Papa akacheka. Nikacheka.

Ijumaa, 16 Mei

Alikuwa wa kweli.

Zimamoto wanavaa buluu. Polisi buluu. Mlinzi wa supermarket buluu. Wangewavisha zimamoto nyekundu kama gari lao, leo ningekuwa mtu mzuri.

Alisema mwenyewe mimi ni zimamoto. Kwa mdomo wake. Nilimcheka.

Simu mbili leo. Moja nimeiharibu zaidi.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani mchungaji ameniita mbele. Waumini wakanizunguka, mikono kumi juu ya kichwa changu, mingine mabegani. "Bwana, bariki ulimi wa Trezo!" Amina. "Ulimi wa Trezo usiteleze!" Amina. Mikono ina joto na uzito. Nilitaka kutoka. Hapakuwa na pa kupita, pande zote ni suti na vitenge.

Jioni nikamjaribu Tantine. Alikuwa anaosha brashi.

"Tantine, unakumbuka yule mwanamke niliyewasimulia? Wa Papa wa Roma."

Hakuinua kichwa. "Mwanamke gani?"

"Yule wa Jumatatu. Ulicheka."

Akafunga maji. "Mimi nakumbuka polisi," akasema. Akafungua maji tena.

Shati langu amelipiga pasi. Linaning'inia mlangoni na mikono imenyooka. Linaonekana kama mtu mwaminifu.

Jumatatu, 19 Mei

Hospitali. Mama Neema amevutwa mguu kwa uzito na kamba. Amenenepa uso, amekonda mikono. Nilimpelekea machungwa. Akasema yamechacha, akayala.

Nilitaka aniambie. Kitu chochote. Sema ukweli, au funga mdomo, moja tu kati ya hayo, mimi nitafanya. Yeye alicheka siku ile kuliko wote, anajua yote. Nikamweleza habari ya barua, ile niliyomficha Papa. Sijamwambia mtu mwingine.

Nesi akapita, akarudi.

"Nikisema ukweli," nikamwambia, "huu mguu hautapata kitu."

"Nasikia."

"Nikisema uongo, yule mwanamke atafukuzwa."

"Nasikia, Trezo."

"Sasa?"

"Mwanangu, kila mtu na mzigo wake. Usiniwekee wako hapa kitandani, mimi niko na huu." Akapiga plasta na kidole. "Na mguu haujui Kizulu. Uliza kichwa chako."

Nikakasirika naye njia nzima. Ni rahisi kumkasirikia mtu ambaye hawezi kuinuka.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda Sydenham kwa Brayo, Mkenya, mwanafunzi wa sheria. Nilimtengenezea laptop mwezi uliopita. Nikamwomba anishikie kazi ya ukalimani, hata kwa Kiingereza. Nikasema nina koo.

"Koo ya aina gani hiyo inaongea hivyo?"

Nikamweleza. Yote. Chumba chake kina vitabu mpaka chini ya meza, nilisimama kwa sababu hapakuwa na pa kukaa.

Akasema mkalimani ni mfereji tu, buda. Maji yakiwa machafu, mfereji hauna dhambi. Unaapa kupeleka maneno kama yalivyo, na maneno siyo yako.

"Kwa hiyo niko huru?"

"Mfereji uko huru. Lakini mfereji haukuwa dirishani." Akaanza kucheka, halafu akaniona uso, akaacha. Kuja kwangu hataki. Ana mitihani, na yeye hakuona kitu.

Nimerudi kwa miguu. Kilomita ngapi sijui. Mteremko wote.

Alhamisi, 22 Mei

Nimefungasha begi. Suruali mbili, vifaa, karatasi zangu za ukimbizi. Nikapanda taxi mpaka Isipingo. Mpango ulikuwa nishuke hapo, nichukue nyingine ya kwenda kusini, popote.

Nimekaa stendi. Taxi tatu zimejaa zikaondoka. Msichana wa vitunguu hakuwepo. Hata angekuwepo, nisingejidai.

Naandika ukweli, hili daftari si mchungaji: sikurudi kwa sababu mimi ni mwema. Karatasi zangu zinakwisha mwezi wa saba na zinaongezwa hapa hapa Durban. Naweza kukimbia mpaka pale zinapofika, kama mbuzi na kamba yake. Halafu Papa Shukuru akapiga simu. Anataka kujua avae tai ya rangi gani. Mtu anakuuliza rangi ya tai, utamwambia unamtoroka?

Nikasema nyeusi.

Ijumaa, 23 Mei

Chumba kina zulia. Glasi zimepinduliwa juu ya sahani ndogo, mtu mmoja mmoja na yake. Madiwani wamekaa nusu duara. Mwenyekiti wao ni mama mtu mzima, miwani kwenye mnyororo, sauti ya chini. Anaposema wote wanaacha kukohoa.

Alianza na wakubwa. Mkubwa wa polisi ana dhahabu mabegani, mkubwa wa zimamoto ana sharubu. Mama akamuuliza wa polisi mwaka huu mmeenda mtaa ule mara ngapi na kufanya nini. Yule akatafuta kwenye makaratasi kama mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani. Siku nyingine ningekufa kwa furaha.

Nomusa alikuwa kwenye kiti cha ukutani. Bila sare. Gauni la manjano. Akaniona nikiingia, akanijua hapo hapo, niliona shingo yake ikisimama. Hakuninyoshea kidole. Aliangalia mikono yake. Nadhani alishachoka kusema kitu ambacho haaminiwi.

Nikaapishwa. Mkono juu. Papa Shukuru akaanza, tai nyeusi, sauti ya kanisani. Nikapeleka kama mfereji. Anasema wanaishi pale miaka mingi. Anasema ni watu wa amani. Anasema zimamoto hawakufika hata siku moja. Nimesema hiyo. Kwa mdomo huu, kwa Kizulu kizuri, nikiiangalia glasi.

Mama mwenyekiti akasema, "Muulize, Jumatatu tarehe tano, saa tano, alikuja nani?"

Nikamuuliza.

"Polisi," Papa akasema.

Nikafungua mdomo. Neno ni lile lile, polisi, hata kutafsiri halihitaji. Halikutoka.

"Mkalimani?"

Nikasema, "Mheshimiwa, huyu mzee anasema polisi. Mimi nasema siyo."

Akavua miwani. Akasema mkalimani hana lake la kusema hapa. Amekula kiapo cha kubeba maneno ya mwenzake. Kama nina langu, niache kiti cha ukalimani, niwe shahidi. Viwili kwa pamoja haiwezekani. Nichague.

Papa ananivuta mkono wa shati. "Anasema nini? Trezo, mama anasema nini?"

Chumba kile chote, mtu wa lugha zote mbili ni mimi peke yangu. Nikitoka kwenye kiti, Papa anakuwa kiziwi na bubu mbele ya watu. Nikibaki, bubu ni mimi. Mlango uko nyuma yangu na polisi mmoja amesimama hapo.

Nikamgeukia Papa kwanza. Kwa Kiswahili. Nilitaka asikie kutoka kwangu.

"Papa, anauliza kama mimi ni mdomo wako ama wangu."

"Mwambie ni wangu, bana! Haraka."

"Papa, siku ile nilimfukuza zimamoto. Yule pale, wa manjano. Aliniambia mwenyewe ni zimamoto. Nikafanya mchezo. Na barua ilisema, sikukusomea."

Akaachia shati langu. Polepole, kidole kimoja kimoja.

Nikasema kwa mama mwenyekiti: shahidi.

Nikasimama nikasema yote. Bomba, bisibisi, dirisha, Papa wa Roma. Diwani mmoja kijana akacheka, mama akamtazama, kicheko kikafa. Mama akaniuliza kwa nini sikumwamini mfanyakazi wa jiji aliyejitambulisha vizuri.

Nikasema, mama, sisi tunakimbia kwanza, beji tunasoma baadaye. Wa kutuchukulia viti anakuja na buluu. Wa kutuokoa anakuja na buluu. Wote wawili ni wako, na wanagonga sawasawa.

Akawageukia wale wakubwa wawili, wa dhahabu na wa sharubu, akawauliza kama waliwahi hata siku moja kuulizana kabla ya kutuma watu kwenye jengo lile. Huyu anamtazama yule. Mmoja akanyoosha karatasi yake ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Halafu nikasema na habari ya ufunguo. Hakuna aliyeniuliza. Nikasema ulikuwa mmoja na nilikuwa nao mimi, na mimi nilikuwa Isipingo.

Papa hakuelewa neno. Alikaa ameangalia mbele, mikono magotini, kama mtu anapigwa picha.

Nje kwenye ngazi Nomusa alinipita. Sikutegemea asante. Alisema, "Umechelewa, bhuti," yaani kaka, akashuka.

Jumamosi, 24 Mei

Meza yangu nimeikuta uani. Droo chini, skrubu zote kwenye mchanga. Nimeokota mpaka saa nane.

Jumatatu, 26 Mei

Tantine hanisemeshi. Anaweka chakula, anafunika, anaondoka. Bugali wa kawaida. Kipande cha nyama cha kawaida.

Kwenye ngazi watu wanabana ukuta nipite. Zamani tulikuwa tunasukumana.

Alhamisi, 29 Mei

Ripoti ya kamati imekuja. Imeandikwa Kiingereza. Wa kuisoma iko nani tena? Wakaniita. Hawakuniita kwa jina, mtoto alitumwa, "wewe, wanakutaka." Nikasimama kwenye ngazi, wao chini, wengine juu. Nikasoma mstari kwa mstari, nikatafsiri mstari kwa mstari.

Mkaguzi Nomusa anarudishwa kazini.

Kuanzia sasa zimamoto wasiende jengo lolote pamoja na polisi, na kabla ya kwenda watume tangazo kwa lugha ya wanaoishi pale. Kiswahili kimetajwa. Siku nyingine tungepiga vigelegele.

Wakubwa wote wawili warudi mbele ya kamati baada ya miezi mitatu waeleze wamefanya nini.

Jengo si salama. Linafungwa. Siku saba.

Mguu wa Mama Neema haukutajwa.

Nikakunja karatasi. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya nne akasema "Yuda," siyo kwa kelele, kama anayekumbuka jina. Kijana mmoja akapanda ngazi mbili kuja kwangu.

Papa Shukuru akasema, "Muache." Basi. Hakuniangalia. Akaingia kufungasha vitabu vyake.

Jumamosi, 31 Mei

Hospitali. Nikamwambia Mama Neema mwenyewe, sikutaka asikie kwa wengine. Jengo hakuna. Jiji halilipi. Nikangoja atukane.

Alikaa anaangalia kamba inayovuta mguu wake.

"Huko mtakakoenda," akasema, "iko ngazi?"

Nikasema sijui. Labda chini kabisa.

"Tafuta chini kabisa."

Halafu akalia. Sikujua nishike nini, nikashika chuma cha kitanda.

Jumatano, 4 Juni

Wamekuja kufunga. Polisi wa jiji na zimamoto, lakini kila mmoja na gari lake, na zimamoto wametangulia. Nomusa ndiye aliyebandika karatasi getini, sare yake imepigwa pasi. Ilikuwa na Kiswahili, kibaya. Kuna neno limeandikwa vibaya mara mbili. Sikusema.

Tuko na mizigo sitini kwenye barabara. Wengine wanakwenda kwa ndugu, wengine kanisani. Kila mtu na vyungu vyake. Sikupiga mzaha hata mmoja leo. Nilijaribu kutafuta mmoja, sikuupata.

Jumapili, 8 Juni

Sydenham. Gereji nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mhindi. Chini kabisa, hakuna ngazi. Chumba kimoja, pazia katikati. Kitanda cha tatu kimeegemea ukuta, kinangoja Mama Neema atoke hospitali. Tantine amesema kwa mama mwenye nyumba kwamba tuko watatu. Kwangu hajasema.

Meza hapa haiingii. Natengeneza simu magotini. Simu moja kwa siku mbili. Hakuna anayeniita Dokta, hapa hawanijui.

Tantine anakwenda kusuka majumbani kwa watu, anarudi miguu imevimba. Leo hakwenda kanisani. Na mimi sikwenda. Tulikaa, yeye upande wake wa pazia, mimi wangu. Mchana wote namsikia anavuta pumzi, na yeye bila shaka ananisikia. Ukuta una dirisha moja dogo, juu. Jirani anapika kari.

Jioni akaweka sombe motoni. Nikasikia anafungua mifuko, anafunga, anafungua mwingine.

"Trezo. Chumvi iko wapi?"

Siku kumi na sita hakuwa amenisemesha.

"Iko kwenye beseni la kijani, Tantine. Chini ya taulo."

Akaitafuta. Akaipata. Akatia, akaonja, akatia kidogo tena. Tukala.